Tupeane uzoefu: neno "maverick" ulikutana nalo wapi?

Mwanzisha uzi (Dallas): Wakuu, juzi ghalani bosi kaniambia "wewe ni maverick kweli." Nikajua ananifananisha na timu yetu ya kikapu, Dallas Mavericks, nikachekelea. Mzee mmoja wa zamu ya usiku akanivuta pembeni. Kumbe ni jina la mtu. Samuel Maverick, mwanasheria wa San Antonio, miongoni mwa waliotia saini tamko la uhuru wa Texas 1836. Mwaka 1847 hivi mdeni wake akamlipa ng'ombe 400 badala ya fedha. Mwenyewe mambo ya mifugo hana habari nayo. Akawaacha kule rasi ya Matagorda mikononi mwa familia ya watumwa wake, ndama wakazaliwa na kukua bila kupigwa chapa. Ikawa ukikuta ndama porini hana alama ya moto ubavuni, "huyo wa Maverick." Baadaye neno likahamia kwa binadamu asiye na zizi, anayefuata njia yake mwenyewe. Nani lilimkuta, hili au jingine la wachunga ng'ombe?

Mchangiaji wa Kahama: Sijafika huko ila ndama asiye na alama namjua. Kwetu tunakata masikio. Mwaka fulani wetu alipotelea kwenye kundi la jirani pale lamboni, sikio bado zima. Jirani kakaza, wa kwake. Baba hakubishana, akamwachia mama wa ndama. Alilia mara mbili tu, katoto kakatoka mbio na kudaka chuchu. Jirani akaanza kuulizia habari za mvua.

Mchangiaji wa Houston: Mimi "hoosegow". Naendesha lori. Nikauliza mwenzetu mmoja yuko wapi, nikajibiwa "hoosegow." Nikakaa natafuta huo mji kwenye ramani ya simu! Mmeksiko mmoja ndiye aliyeniokoa: kwao juzgado ni mahakama, na wakiitamka haraka ile d haisikiki. Wachunga ng'ombe Wazungu wakaandika walivyosikia, na mahakama ikageuka jela.

Mwanzisha uzi: 😂😂 Mkuu wa Houston umeniua. Ila bado sijajua bosi alinisifu au alinionya.

Mchangiaji wa Kahama: Siku hiyo ulifanya nini?

Mwanzisha uzi: Nilipanga upya rafu zote za mlango wa pili. Bila kumuuliza.

Mchangiaji wa Kahama: Chuma kiko motoni, kaka.