Simu za hoteli: bado lazima ubonyeze 9 kabla ya 911?

ZamuYaUsiku: Habari zenu wakuu. Nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja hapa Marekani. Kila simu ya chumbani ina kibandiko: "Kupiga nje, bonyeza 9." Nimemuuliza meneja, mgeni akipiga 911 (namba ya dharura ya huku) moja kwa moja, bila 9, itakuwaje? Kanijibu mtambo wa simu ni wa zamani, sheria haituhusu. Ni kweli? Na msimamizi ni nani?

FundiSimu: Mkuu, kazi yangu ni kufunga mitambo hiyo, na jambo hili linaniuma. Sheria yenyewe ni Kari's Law, inayotaka 911 itoke moja kwa moja bila namba ya kutangulia. Kari Hunt aliuawa hotelini, Marshall, Texas, Desemba 2013. Binti yake wa miaka 9 alipiga 911 mara 4, simu isitoke, kwa kuwa ilidai 9 kwanza. Mtoto alifanya vilevile alivyofundishwa! Babake Kari, Hank Hunt, alipigania mpaka sheria ikasainiwa Februari 2018.

Meneja wako kashika nusu tu. Sheria ya shirikisho inabana mitambo iliyotengenezwa, kuuzwa au kufungwa baada ya Februari 16, 2020. Ila majimbo nayo yana zao. Texas ilipitisha yake 2015. Halafu mitambo mingi niliyoishika inataka kubadilishiwa mpangilio tu: unaruhusu 911 itoke yenyewe, na 9911 unaiacha kwa waliozoea. Hapo uzee wa mtambo unaingiaje?

ZamuYaUsiku: Nijaribu usiku huu?

FundiSimu: Usipige hivihivi. Kituo cha 911 cha eneo lenu kina namba ya kawaida. Waombe wakupangie muda wa majaribio. Siku hiyo muulize anayepokea kama anaona namba ya chumba au anaona anwani ya jengo tu. Kwa mitambo inayobanwa, sheria nyingine, RAY BAUM's Act, inadai kituo kionyeshwe mahali mahsusi alipo mpigaji, kwa simu za mezani tangu Januari 2021.

Mama_Ofisi: Msisahau taarifa ya ndani. 911 ikipigwa, mapokezi au walinzi wajulishwe papo hapo, wakawafungulie waokoaji mlango. Ofisini kwetu taarifa ilikuwa inakwenda kwenye barua pepe ya mtu aliyeacha kazi zamani! Na msimamizi ni FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani, wanapokea malalamiko. Mwandikie meneja kwanza, ubaki na nakala.

ZamuYaUsiku: Namwandikia leo kabla sijatoka zamu.