Bibi ana dimenshia, tangu apewe haloperidoli analala kutwa

mjukuu_wa_kwanza: Habari wakuu. Bibi yetu ana 81, dimenshia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili) anayo muda sasa. Hivi karibuni akaanza kelele usiku, bibi anamwita dada wa kazi mwizi na kumtoa nje, tukampeleka bibi hospitali akaandikiwa haloperidoli (dawa ya kutuliza wagonjwa wa akili) na Artane. Kelele zimeisha ila sasa anasinzia tu, mikono inatetemeka, anaburuta miguu, juzi nusura aanguke chooni. Shangazi anasema tumuache hivyo hivyo nyumba imetulia. Nimwachishe?

nesi_mstaafu: Usimkatishe ghafla, mrudishe kwa daktari wiki hii hii. Kutetemeka na kuburuta miguu ni hiyo haloperidoli. Artane wanaitoa kupunguza hayo lakini kwa mzee wa dimenshia inamzidishia kuchanganyikiwa na kufunga choo. Na msimlishe akiwa anasinzia, chakula kinampalia kinaingia mapafuni. Marekani FDA, mamlaka yao ya dawa, walitoa onyo 2005 kwa dawa mpya za kundi hili, 2008 wakajumuisha na za zamani kama haloperidoli, maana zinaongeza vifo vya wazee wenye dimenshia, wengi moyo au nimonia.

mlezi_ughaibuni: Niko Uingereza nalea wazee. Huku ripoti ya serikali ya 2009 ilikadiria wenye dimenshia 180,000 wanapewa dawa hizi kwa mwaka, zinawasaidia kama 36,000 tu na vifo vya ziada 1,800. Siku hizi mzee akibadilika ghafla tunaanza na maumivu, choo, mkojo, masikio, hata taa ya chumbani, dawa baadae kabisa

mama_wawili: Mnaongea kirahisi kwa sababu hampigwi nyie. Baba alikuwa anamchapa mama na mkongojo, bila risperidoni, dawa ya kundi hilo hilo, tungemzika mama kwanza

nesi_mstaafu: Pole dada, hapo sibishi, akiwa hatari kwake au kwa wengine inatolewa, ila dozi ndogo na tarehe ya kuikagua, Uingereza risperidoni imeruhusiwa mpaka wiki 6, sio mtu anameza mwaka mzima hakuna aliyeuliza. Mjukuu, kama bibi alikuwa anaona watu wasiokuwepo au alitetemeka kabla ya dawa mwambieni daktari, kuna dimenshia ya Lewy hiyo na haloperidoli haziivi kabisa, inaweza kumuua.

mjukuu_wa_kwanza: Asanteni sana. Hakutetemeka kabla, ila mkojo ulikuwa unamchoma tangu kelele hazijaanza, nayo niseme?

nesi_mstaafu: Anza na hiyo!! Apimwe mkojo kabla hamjajadili dawa