Naomba ushauri: maji ya kuoshea vyombo yanaunguza mboga za gunia, Kakuma

Wadau, salaam. Hapa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, familia zilizotoka Kongo na Burundi, zilizozoea mvua na shamba nyuma ya nyumba, zinapanda lengalenga (mchicha) na sukuma wiki kwenye magunia, kwa maji yaliyokwisha kuosha vyombo. Gunia ni la kilo 90: ndoo mbili za udongo kwa moja ya samadi ya mbuzi iliyooza. Katikati kuna nguzo ya kokoto ya kupitishia maji hadi chini. Unajaza kokoto kwenye kopo lisilo na kitako, unazungushia udongo, unalivuta juu, unarudia hadi mdomoni. Miche inakaa kwenye matundu ya ubavuni.

Shida ni kwamba kingo za majani zinakauka, na juu ya udongo kuna ukoko mweupe. Nadhani ni chumvi ya sabuni. Jua hili linanyonya maji, chumvi inabaki. Tena miche ya chini inanyauka huku ya juu ikioza shina, maana mafuta ya chakula yameziba kokoto.

Je, kuchuja kwa mchanga kunatosha kwa mafuta? Chumvi najua haichujiki hivyo. Maji safi ni ya foleni: nimwagilie mara ngapi kuisukuma chumvi itoke chini? Na mboga gani inaivumilia zaidi?