Namna ya kulingania ndani ya PUBG

MwanaTanga: Assalaam alaykum. Jioni nacheza PUBG Mobile, gemu ya simu ya kupigana risasi kwa vikosi, skwadi ya wanne: mimi Tanga, binamu yangu Maskati, na wawili tuliowapata humo humo. Mmoja ni kijana Mkristo wa Mwanza, mpole, hodari wa kulenga mbali. Tangu Ramadhani anauliza mambo: kwa nini binamu anaaga kwa Magharibi na mimi naaga baadaye, kwa nini hatununui masanduku ya bahati, yale unayolipia humo bila kujua utapata nini. Najibu ninachokijua. Kazi ipo kwa yule wa nne. Akisikia swali tu anaanza mhadhara kwenye maiki, Biblia imebadilishwa, Yesu hakusulubiwa, sauti juu, huku tunapigwa risasi. Juzi kijana kazima maiki, kacheza kimya mpaka mechi ikaisha. Imeniuma sana. Nataka ausikie Uislamu, ila si kwa njia hii. Nifanyeje?

Ustadh_Makorora: Wa alaykum salaam mwanangu. Soma An-Nahl aya ya 125: hekima, mawaidha mema, na kujadiliana kwa njia iliyo bora. Waliokuwa wakienda kwenye mihadhara ya uwanjani walijua wanafuata mjadala. Huyu kafuata mchezo. Mnasihi mwenzako faraghani, usimseme mbele ya skwadi.

Abuu_H: Mimi nasema gemu hiyo yenyewe muiache. 2020 si waliweka masanamu, mchezaji anayainamia apate nguvu?

BintiLikoni: Kaka Abuu, Waislamu walilalamika, Kuwait na kwingine, na kampuni ikaomba radhi na kukiondoa kitendo kile. Wangekuwa wameshaondoka wote, nani angelalamika? MwanaTanga, sisi kwenye Discord, programu ya kuzungumza na kuandikiana wachezaji, tumetenga chumba cha maswali ya dini. Vyumba vya mechi ni vya mechi. Mwenye swali anaingia kwa hiari yake, tena mara nyingi anaandika, maana kusema mbele ya watu kunamtia haya. Huyo kijana mwandikie pembeni, umpe pole kwanza.

MwanaTanga: Ahsanteni. Ustadh, nimeongea na mwenzetu peke yake, kakubali shingo upande. Kijana nimemwandikia kama alivyosema dada. Kajibu usiku ule ule, anataka tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili asome mwenyewe. Nyumbani ninayo ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, yenye maelezo chini ya aya. Yanamfaa anayeanza, au nimtafutie ya Barwani?

Ustadh_Makorora: Mpe ya Farsy. Maelezo yale yatamsaidia usiku ambao wewe hupo hewani.