Nyaya za Type-C: mmoja wa kila kazi, au kila kazi na waya wake?

chomeka_chomoa (mwanzisha mada)

Wakuu, tuliahidiwa tundu moja na waya mmoja kwa kila kifaa. Tundu tumelipata, hadi Umoja wa Ulaya ukalitungia sheria: tangu 28 Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa huko lazima zichajiwe kwa Type-C. Waya ndio umebaki kitendawili. Fungua droo yoyote utakuta nyaya kumi zinazofanana kama mapacha: huu unachaji laptopu, ule unachaji simu tu, wa tatu unahamisha faili kwa mwendo wa kobe, wa nne monita haiutambui kabisa.

Machaguo yaliyopo:

A. Wati 60, data ya USB 2.0. Mwembamba, laini, ndio unaojaa kila mahali.
B. Wati 240, data ileile ya USB 2.0. Mnene kidogo, hupatikana hata wa mita 2.
C. Gigabiti 10 kwa sekunde, wati 60 au 100, kwa kawaida mita 1.
D. USB4 au Thunderbolt 4 (kanuni za kasi kubwa kuliko zote hapa), gigabiti 40 kwa sekunde. Mfupi, mgumu, bei ya kukufanya uusome mara mbili.
E. Wa ncha ya sumaku.

Vifaa: simu, laptopu ya wati 65, nyingine ya wati 100, SSD ya nje (diski ya kasi ya kuhifadhia faili) na monita moja. D mmoja umalize yote, au?

---

kipimavolti

Kwa kuchaji ni B, mengine porojo. Twende na hesabu, maana hapo ndipo watu hupigwa.

Waya wowote wa C kwa C (ncha zote mbili Type-C) uliotengenezwa kihalali hubeba ampia 3. Kwa volti 20 hiyo ni wati 60. Zaidi ya hapo chaja haitoi mpaka iuhoji waya: ndani ya ncha kuna kachipu kanakojibu "mimi nabeba ampia 5". Kasipokuwepo, chaja inabaki kwenye ampia 3 hata kama imeandikwa wati 140 kwa herufi za dhahabu. Ampia 5 kwa volti 20 ni wati 100. Toleo la 2021 la Power Delivery, kanuni ya USB ya kuchaji, likapandisha volti hadi 48, ndipo ikapatikana 240.

Sasa itazame laptopu yako ya wati 65. Ni volti 20 kwa ampia 3.25: imevuka mstari kwa robo ampia! Kwa waya A utapata wati 60, na kwa wati 5 hakuna atakayelia. Ile ya wati 100 ndiyo itakayokuumbua: uipe A, uwashe mchezo mzito au uhariri video, uone betri inashuka huku waya umechomekwa. Mtu atalaumu betri, halafu atanunua chaja mpya. Waya umetulia pale, hauna habari.

Simu nazo zimo. Galaxy S24 Ultra ni ya wati 45, lakini ili izipate inataka waya wa ampia 5, kwa kuwa inavuta zaidi ya ampia 3 kwa volti ndogo. Ukiipa wa ampia 3, ile "2.0" kwenye maandishi ya kuchaji kwa kasi haitokei, na wengi hawajui hata kwamba ilitakiwa kutokea.

---

bitinabaiti

Naunga mkono B kwa umeme, ila B kwa data ni punda aliyevikwa tandiko la farasi. USB 2.0 ni megabiti 480 kwa sekunde, yaani megabaiti 60 kwenye karatasi na kama 40 kwenye maisha halisi. Faili za gigabaiti 50 hapo ni dakika 20 na ushee. SSD nzuri ya nje kwa waya C inafika karibu megabaiti 1,000, kwa hiyo kazi ileile ni chini ya dakika moja. SSD ni ileile, laptopu ni ileile.

Kosa linalorudiwa ni hili: SSD inakuja na kawaya kake kafupi, kabaya, kasikopendeza. Mtu anakatupa na kuweka waya mrefu wa chaja uliosukwa nailoni. Kisha anaandika mtandaoni kwamba SSD ni feki.

Kabla ya kuhukumu, pima. Kwenye Linux chomeka SSD, andika `lsusb -t`, tazama mwisho wa mstari wake: 480M maana yake waya au tundu vimekuangusha, 5000M ni gigabiti 5, 10000M ni 10. Kwenye Mac fungua System Information, sehemu ya USB, usome kasi iliyoandikwa mbele ya kifaa. Windows ina programu ndogo ya bure, USB Device Tree Viewer, inayoonyesha hayo hayo. Ukiona 480 na SSD ni ya kisasa, badilisha waya kwanza. Ikigoma, badilisha tundu.

Majina yaliyo kwenye pakiti yasikutishe. USB 3.0, USB 3.1 Gen 1 na USB 3.2 Gen 1 ni mtoto mmoja aliyebatizwa mara tatu, kasi gigabiti 5 tangu 2008. Tafuta namba ya gigabiti, jina liache.

---

droo_imejaa

Natofautiana nanyi kidogo. Nyote mnamwongezea mtu nyaya wakati shida yake ni nyaya nyingi. D moja ya Thunderbolt 4 inachaji hadi wati 100, inapitisha gigabiti 40, inawasha monita, na SSD inaikimbiza. Laptopu zake zote mbili zimo. Ukishaununua hujiulizi tena asubuhi "ni upi ule". Akili nayo ina gharama yake.

---

kipimavolti

@droo_imejaa hoja ya akili naikubali, ila jaribu kulala kitandani na simu iliyofungwa D. USB4 ya gigabiti 40 isiyo na saketi za kukuza mawimbi haizidi sentimita 80. Ikizidi hapo na kasi ikabaki, ujue ndani kuna vifaa vya ziada, na bei inapanda navyo. Halafu ni mnene na hauko tayari kupinda. Ukining'inia kwenye simu unalikaba tundu kama wenzo, na tundu la simu kulibadilisha si kazi ya kufurahia.

Isitoshe simu yenyewe huenda haina cha kufanya na kasi hiyo. iPhone 15 ya kawaida ina Type-C lakini data yake ni USB 2.0. iPhone 15 Pro inaweza gigabiti 10, ila waya uliomo kwenye boksi lake ni wa megabiti 480. Gari la mbio limekuja na matairi ya baiskeli.

---

bitinabaiti

Na kwenye D kuna mtego mmoja wa mitumba. Nyaya ndefu za Thunderbolt 3 zenye saketi ndani hupitisha gigabiti 40 kati ya vifaa vya Thunderbolt tu. Ukizichomeka kwenye SSD ya USB ya kawaida zinashuka hadi USB 2.0. Waya wa kifahari, mwendo wa kobe uleule. Za Thunderbolt 4 hazina kasoro hiyo. Kwa hiyo kwenye ncha tafuta alama ya radi yenye namba 4, si radi tupu.

---

chomeka_chomoa

Monita je? Hapo ndipo ninapochanganywa zaidi. Laptopu inachaji kutoka kwenye monita kupitia waya huohuo, lakini picha haitoki.

---

pini24

Hiyo ni dalili ya darasani kabisa: huo waya ni A au B. Type-C ina pini 24. Waya wa USB 2.0 huunganisha zile za umeme, ya mawasiliano na jozi moja ya data, basi. Picha hupita kwenye jozi nne za kasi, ambazo humo ndani hazipo. Umeme unafika, ndiyo maana laptopu inachaji na kukudanganya kwamba kila kitu ni shwari. Weka C, monita ya 4K kwa herzi 60 itawaka bila D.

Ikigoma hata kwa C, kagua tundu la laptopu. Si kila tundu la Type-C hutoa picha. Tafuta kialama cha herufi D na P au cha radi pembeni yake. Kama hakuna alama, soma karatasi ya vipimo ya modeli yako, uone kama imeandikwa DisplayPort (njia ya kupitisha picha, ndiyo hiyo D na P) kwenye tundu hilo. Kama haikuandikwa, hakuna waya utakaokusaidia.

---

mkia_wa_waya

Mmeusahau mzee wetu, waya wa A kwa C (si A na C za orodha): upande mmoja USB-A, ile ncha pana ya zamani, upande wa pili Type-C. Msiutupe. Kuna vifaa vidogo (tochi, mashine za kunyolea, spika za bei ya chini) vyenye tundu la Type-C lakini mtengenezaji alikwepa kuweka rezista mbili (vipande vidogo vya kuzuia umeme) za kiloomu 5.1. Chaja ya Type-C haitoi umeme hadi izihisi. Kwa C kwa C kifaa kinakaa kama kimekufa; kwa A kwa C kinafufuka, kwa sababu tundu la USB-A hutoa volti 5 bila kuuliza jina la mtu.

Wakubwa nao waliteleza. Raspberry Pi 4 ya kwanza, kale kakompyuta kadogo ka 2019, iliunganisha pini mbili kwenye rezista moja. Matokeo yake, nyaya za bei zenye kachipu ziligoma kuiwasha na nyaya za bei rahisi zikaiwasha. Toleo lililofuata likarekebisha.

Lakini mzee naye asiwe wa kuokota. Ndani ya ncha yake inatakiwa rezista ya kiloomu 56. Kuna waliokuwa wakiweka ya 10, kifaa kinaamini kimeruhusiwa ampia 3 na kinaunyonya mlango dhaifu wa kompyuta ya zamani. Mhandisi wa Google, Benson Leung, alianza kupima nyaya hizi hadharani 2015, na mwaka uliofuata mmoja uliounganishwa kinyumenyume ukamuulia laptopu ya Chromebook Pixel aliyokuwa akipimia.

---

chomeka_chomoa

Na E? Sumaku ina raha yake gizani.

---

pini24

Raha ipo, na kwenye volti 5 za tochi sawa. Kwa laptopu usithubutu. Ncha za sumaku hazimo kwenye kanuni za USB. Pini ziko wazi, sumaku inaokota chembe za chuma, na ukiivuta ikiwa inapitisha volti 20 inatoa cheche. Ukiona doa jeusi kwenye pini, huo umeshaungua. Hilo doa hata kwa nyaya za kawaida ni ishara ya kuutupa, usiusugue.

---

mkia_wa_waya

Neno moja kuhusu urefu. Unene wa shaba hupimwa kwa namba ya AWG: inavyopungua ndivyo shaba inavyonenepa. Waya wa mita 2 wenye shaba ya 28, kwenda na kurudi, una kama omu 0.85. Vuta ampia 2 kwenye volti 5, unapoteza volti 1.7 njiani. Simu haikubali, inapunguza mvuto, na unachaji usiku kucha. Kanuni inaruhusu kupoteza jumla ya volti 0.75 tu. Kwa waya mrefu dai shaba ya 22 au iliyo nene zaidi. Nailoni ya kusukwa haiwi kigezo. Waya hufia shingoni, pale unapoingia kwenye ncha, na nailoni haifiki huko.

Waya usipobana tundu la simu, usikimbilie kununua mwingine. Zima simu, kwangua taratibu kwa kijiti cha mbao. Mara nyingi ni pamba ya mfukoni iliyoshindiliwa chini.

---

chomeka_chomoa

Basi naelekea B mbili na C mmoja, D namwachia @droo_imejaa. Hizo kumi zisizo na maandishi nazipangaje?

---

bitinabaiti

Mtihani wa hatua tatu. Chomeka kwenye monita: picha ikitoka, ni wa jamii ya C, mfunge utepe wa rangi moja. Isipotoka, chaji laptopu ya wati 100 kupitia kipima umeme cha kuchomeka katikati, betri ikiwa chini ya nusu. Ukipita ampia 3 ni wa ampia 5, utepe mwingine. Uliobaki unganisha simu na kompyuta: faili zikionekana ni A.

Ukikuta unaochaji lakini faili hazionekani kabisa, ndani hauna nyaya za data. Huo usiutupe. Ndio wa kuchomekea kwenye matundu ya kuchajia ya umma, kwa sababu hata wakitaka data yako hawana pa kuipitishia.