Mafundi mnaopima alaimenti ya ATV kwa jicho, mtatuua

Wakuu salaam,

Naandika nikiwa na hasira na sitaficha. Nimechoshwa na mafundi wanaolipua kazi kwenye hizi ATV, pikipiki za magurudumu manne. Unampelekea mtu mashine arekebishe alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu ya mbele, anachuchumaa, anafumba jicho moja, anazungusha kidogo tairodi (fimbo ya chuma inayounganisha hendeli na gurudumu), anasimama na kukwambia "tayari bosi, iko sawa". Iko sawa na nini? Umepima nini? Hakuna futi, hakuna kamba, hata upepo wa tairi hujauangalia!

Mashine yangu ilikuwa inavuta kushoto. Nikaipeleka karakana ambayo kila mtu anaisifia. Imerudi haivuti, ila sasa ukitaka kwenda mbele moja kwa moja lazima hendeli uishike imepinda, na tairi za mbele zimeanza kuliwa upande wa ndani. Ukipitisha kiganja juu ya meno ya tairi kwenda upande mmoja ni laini, ukirudisha yanakukwaruza kama msumeno. Tairi linaburuzwa huku linazunguka, hiyo ndiyo dalili yake.

Nikalala chini niangalie. Tairodi ya kulia nyuzi zimechomoza nje karibu urefu wa kifundo cha kidole, ya kushoto haijaguswa kabisa, vumbi la zamani bado limekauka juu ya nati. Maana yake marekebisho yote kayatupia upande mmoja, ndiyo maana hendeli ikakaa kombo. Halafu ile nati ya kufungia, inayozuia tairodi isijizungushe yenyewe, nimeifungua kwa vidole viwili. Vidole, jamani, sikushika hata spana! Nyuzi zikiendelea kutoka kwa mtikisiko wa njia mbovu, kuna siku tairodi inachomoka, gurudumu moja linageukia linakotaka lenyewe na wewe uko kwenye mwendo. Hapo hendeli haikusaidii kitu.

Niliporudi kuuliza nikajibiwa kwamba "hizi ni za porini, hazina alaimenti". Uongo mtupu! Kama hazina alaimenti, tairodi zimewekewa nyuzi na nati za kurekebishia za nini? Kitabu cha mashine kinataja kipimo chake. Baadhi magurudumu yanatakiwa yatanuke mbele kidogo, milimita chache tu, nyingine yabane kidogo au yawe sambamba kabisa. Kwa hiyo hata kusema "nimezinyoosha" hakutoshi kama hujui mashine iliyo mbele yako inataka nini.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kazi yenyewe haihitaji mtambo wa kompyuta. Inafanyika nyumbani, kwenye sakafu tambarare, kwa futi, chaki, kamba na spana. Nimeifanya mwenyewe baada ya pale, na naiandika hapa ili mtu asidanganywe tena.

Kabla ya kugusa tairodi yoyote, nyanyua mbele kwa jeki na uweke stendi. Shika gurudumu juu na chini, litikise. Likicheza, angalia beringi na boljointi (kiungo cha mviringo kinachoshika gurudumu kwenye mkono wa sasipenshi). Shika kushoto na kulia, tikisa tena. Likicheza hapo, ncha za tairodi ndizo za kwanza kushukiwa. Ukikuta mchezo, acha alaimenti, badilisha kilichokufa kwanza. Fundi anayerekebisha juu ya boljointi iliyolegea anakuuzia kipimo ambacho kitabadilika ukifika kwenye shimo la kwanza. Yule wangu hakunyanyua hata jeki.

Halafu upepo. Tairi hizi hazijazwi kama za gari, nyingi zinatumia psi (kipimo cha upepo) 4 mpaka 7 hivi. Tofauti ya psi 2 kati ya kulia na kushoto, ambayo kwenye gari usingeisikia, hapa ni kubwa mno na peke yake inaweza kuifanya mashine ivute. Inawezekana kabisa shida yangu ya mwanzo ilikuwa hiyo, na kuna mtu alikimbilia kuzungusha vyuma bila kuuliza.

Shusha mashine, isukume mbele na nyuma ili sasipenshi ikae sawa, maana ukitoka kwenye jeki magurudumu yanakuwa bado yamejivuta ndani. Weka uzito wa karibu na wa mwendeshaji kwenye kiti kama kitabu kinataka hivyo, kwa sababu shokapu zikishuka na alaimenti inabadilika. Nyoosha hendeli, ifunge kwa mikanda kulia na kushoto isisogee.

Chora alama ya chaki katikati ya kila tairi la mbele, upande wa mbele, kwenye usawa wa ekseli. Pima kutoka alama hadi alama. Kisha sukuma mashine taratibu mpaka alama zilezile zifike nyuma, kwenye usawa uleule, upime tena. Ukitumia alama zilezile, rimu iliyopinda kidogo au tairi lenye meno yasiyolingana halikudanganyi. Mbele kukiwa kukubwa kuliko nyuma, yametanuka. Kukiwa kudogo, yamebana.

Lakini namba hiyo haikwambii ni upande gani uliopotoka, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Vuta kamba kila upande kutoka gurudumu la nyuma kwenda mbele, kamba mbili ziwe sambamba na zikae sawasawa na mstari wa katikati wa mashine, halafu pima kutoka kamba hadi ukingo wa mbele na wa nyuma wa rimu. Kulia na kushoto vitoe jibu moja. Visipolingana, rekebisha ule upande uliopotoka kwanza, baada ya hapo kila unachozungusha kulia kizungushe kiasi hichohicho kushoto.

Nati ya ncha moja mara nyingi inafunguka kinyume, usiilazimishe ukaipasua. Zungusha tairodi robo mzunguko, sukuma mashine, pima. Wakati wa kukaza nati shika tairodi isizunguke nayo, na hakikisha ncha zote mbili zimekaa usawa mmoja, zisikwame ukikata kona.

Najua kuna watakaokuja kusema shida ni gurudumu kulala, yaani kuinama kwa juu kuingia ndani au kutoka nje. Mashine nyingi za aina hii hilo halirekebishwi kabisa. Gurudumu likilala kuliko mwenzake, tafuta mkono wa sasipenshi uliopinda au bushi zilizokwisha.

Sasa mafundi mliomo humu, nawauliza waziwazi. Kwa nini hamuandiki kipimo cha kabla na cha baada kwenye risiti? Ni namba mbili tu. Mteja akiziona anajua umepima, na nati ikilegea anajua pa kuanzia. Mimi kuanzia sasa fundi asiyenipa hizo namba simlipi, na ile karakana nimeiandikia nikidai fedha yangu. Mwenye ATV iliyotoka kwa fundi hivi karibuni, nenda kashike nati za tairodi zako leo kabla hujawasha, halafu uje useme umekuta nini.