Naombeni ushauri: jamaa ananifuatilia mpaka kwenye gari, niko Minnesota, Marekani

Binti_Pangani
Habari za saa hizi ndugu zangu. Kuna kaka wa kwetu tulifahamiana msibani mwaka jana. Akanitaka, nikakataa, nikadhani yameisha. Tangu hapo nimebloku namba zake tisa. Kafungua akaunti ya Facebook kwa jina na picha yangu, anawaandikia watu wa kanisani kwamba najiuza. Mama yuko Tanga, naye anatumiwa ujumbe usiku wa manane.

Juzi nimetoka zamu ya usiku, nahudumia wazee, nikakuta gari lote lina theluji isipokuwa bampa la nyuma. Pamepanguswa. Nikainama, nikaona kidude cheusi ukubwa wa kiberiti kimenata kwa sumaku. Ndipo nikajua kwa nini kila nikienda dukani namkuta.

Wazee wa jumuiya wanasema tuyamalize wenyewe, nisimharibie kijana maisha. Na makaratasi yangu ya uhamiaji bado yako kwenye foleni, naogopa polisi. Nifanyeje?

Mama_Tito
Pole sana mwanangu. Kidude usikitupe wala usikibandue, kipige picha hapohapo kilipo, na namba ya gari ionekane. Kisha ita polisi waje wakitoe wao. Ukimwona mlangoni, piga 911, usijadiliane naye. Usiku wa leo usilale peke yako.

Mkalimani
Dada, natafsiri mahakamani, kesi za namna hii nimezisikia nyingi. Una milango miwili na unaweza kuingia yote.

Wa kwanza ni jinai. Sheria ya Minnesota, kifungu 609.749, inataja waziwazi kumfuatilia au kumchunguza mtu ana kwa ana au kwa teknolojia yoyote, na kumtumia ujumbe kila mara. Kosa la kawaida ni hadi siku 364 jela. Akifanya huku akijifanya mtu mwingine, linapanda hadi miaka 5. Na matendo mawili au zaidi ndani ya miaka 5, yakikutia hofu ya kudhuriwa, naye akijua au akitakiwa kujua hivyo, yanaweza kumfikisha miaka 10.

Wa pili ni wa madai, huku tunauita HRO, yaani amri ya zuio dhidi ya msumbufu. Si lazima awe mumeo wala mpenzi wako wa zamani, na hapo ndipo wengi wanapokosea, wanadhani mahakama inalinda wanandoa tu. Unapeleka maombi wewe mwenyewe, hata bila wakili. Ukieleza matendo yanayoangukia kifungu hicho cha 609.749, ada inasamehewa. Hakimu akiona sababu anaweza kutoa amri ya muda kabla hata jamaa hajasikilizwa. Jamaa ana siku 20 tangu akabidhiwe karatasi kuomba asikilizwe. Amri inaweza kudumu hadi miaka 2, na akiivunja hilo ni kosa la jinai.

Nakuomba sana kitu kimoja. Kwenye fomu usiandike "ananisumbua sana". Nimeona maombi yakikataliwa kwa sentensi hiyo. Andika tarehe, saa, alifanya nini, nani aliona, na wewe ulibadili nini maishani kwa hofu. Ujumbe wa Kiswahili uwe na tafsiri pembeni. Kama Kiingereza kinakupa shida, mkalimani ni haki yako, hulipi.

Mzee_wa_Kilindi
Binti, sikatai umeumizwa. Lakini kijana akipata rekodi anaweza kufukuzwa nchini, na kwao wanamtegemea. Tumwiteni, tumkanye mbele ya watu wazima.

Mwana_Denver
Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima naomba nipingane nawe. Anayefunga kidude kwenye gari la mtu haongozwi na aibu. Rebecca Schaeffer, mwigizaji wa Los Angeles, aliandikiwa barua za mapenzi na mtu asiyemjua. Mtu huyo akamlipa mpelelezi wa kukodi, anwani ikapatikana kwenye kumbukumbu za leseni za udereva, akaenda kubisha hodi na kumpiga risasi mlangoni mwaka 1989. California ikatunga sheria ya kwanza ya kosa hili la kumfuatilia mtu mwaka 1990, majimbo mengine yakafuata. Hizi sheria zimetoka kaburini, mzee.

Dada, nyongeza. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwenye kesi ya Counterman dhidi ya Colorado, ilisema kumtia mtu hatiani kwa vitisho lazima ithibitike kwamba angalau alijua maneno yake yanaweza kuonekana kuwa vitisho, akaendelea hivyo hivyo. Kwa hiyo kama hujamwandikia, mwandikie mara moja tu: "Usiwasiliane nami tena kwa njia yoyote." Hifadhi. Baada ya hapo kimya kabisa.

Mama_Tito
Na makaratasi yasikuzuie. Kuna viza ya U kwa waathirika wa uhalifu wanaosaidia polisi, na kosa hili limo tangu 2013. Zinatolewa 10,000 kwa mwaka, foleni ni ndefu, ila ona wakili wa uhamiaji kabla hujaamua lolote. Ukihama, ulizia Safe at Home ya ofisi ya Katibu wa Jimbo, wanakupa anwani ya posta ili ya kwako isijulikane. Mama wa Tanga naye ahifadhi ujumbe wote. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kule nyumbani inakataza kumtisha na kumsumbua mtu hivyo.

Binti_Pangani
Nimerudi. Asanteni, nimelia nikisoma. Polisi walikuja, wakakitoa kidude na glavu, wakakitia kwenye mfuko wa karatasi. Nilikesha naandika tarehe, zimefika 41. Jana hakimu ametia sahihi amri ya muda, sasa nasubiri sherifu, yaani askari wa kaunti, amkabidhi.

Mzee wa Kilindi, shikamoo. Nimekusoma. Ukimwona mwambie karatasi inakuja, na asimpigie mama yangu.